Eda ya Masika

Jumanne, 2 Machi 1971

Leo nimeachwa. Naandika katika daftari la kisomo lililobaki tangu mwaka jana, kwa sababu nimekwisha fagia uwanja mara mbili na bado siwezi kukaa.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Hamisi alikuwa uani akipanga kabichi kwenye matenga, pamoja na wanaume wawili wa lori la mboga kutoka Lukozi. Mimi nilikuwa natoka na kitabu changu kwenda darasani. Akaniuliza nakwenda wapi na huku mzigo haujafungwa. Nikamwambia anajua vizuri ninakokwenda: kila Jumanne na Ijumaa nawafundisha wanawake kumi na saba kusoma na kuandika, na tangu Ramadhani iliyopita, tukimaliza herufi, nawaeleza maana ya aya mbili tatu kwa Kiswahili. Hilo la aya ndilo linalomkera. Akasema mke wake hafasiri Kurani. Nikamjibu kwamba baba yangu, Mungu amrehemu, alinisomesha katika chuo chake cha Kurani miaka kumi na mmoja, na yeye Hamisi alisoma miwili akatorokea kuchunga mbuzi. Wale wa lori wakacheka. Sikupaswa kusema hivyo mbele ya wageni, najua. Nina ulimi, sikatai.

Hamisi akaiacha kabichi iliyokuwa mkononi ikaanguka. Akasema, "Rehema, nimekuacha. Nimekuacha talaka tatu."

Nilikwenda darasani nikafundisha. Niandike ukweli, maana hapa hakuna wa kunisoma: njiani nilijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Nilipofika kwenye mteremko wa mto ndipo nikajionea haya, nikasimama pale mpaka mvua ikaanza kuninyeshea.

Jumatano, 3 Machi

Mama mkwe alikuja asubuhi kuniuliza kwa Kishambaa naondoka saa ngapi. Ndivyo ilivyo huku: mke akiachwa, jioni yake yuko kwao. Kwetu sasa ni kwa kaka yangu, huko Bungu. Nikamwambia siondoki. Mwenye kuachwa hatolewi nyumbani mwake mpaka eda iishe, na jambo hilo limo ndani ya msahafu, siyo la kutungwa na mimi. Akadhani nimepatwa na wazimu. Akamwita Mwalimu Shekiondo, mzee aliyewasomesha wanaume wote wa hapa, ili aje anitoe. Mzee huyu ndiye aliyesema mwaka jana kwamba darasa langu litawaharibu wake za watu, nami nilijiandaa kwa vita. Akakaa, akanywa chai, akasema niko sawa. Alisema kwa uso wa mtu anayeumwa jino.

Basi Hamisi amehamia kwa mama yake, hatua thelathini juu ya mlima. Alikuja kuchukua koti la mvua. Macho yalikuwa mekundu. Akasema, "Nilikuwa na hasira," akasimama akingoja niseme kitu. Nilimpa koti.

Ijumaa, 5 Machi

Leo msikitini wamenigombania.

Nilikuwa nyuma ya pazia na wanawake wengine. Pazia hilo alilitundika Ustadhi Salimu, kijana aliyekuja mwaka jana akitoka masomoni Tanga. Kabla yake hatukuwa na mahali msikitini, tulisali jikoni. Ndiye pia aliyenitetea juu ya darasa. Nampenda kwa hayo kama ninavyompenda mdogo wangu.

Baada ya sala Hamisi aliuliza hukumu mbele ya watu. Mwalimu Shekiondo akasema hakuna la kuuliza: mtu akitamka tatu ni tatu, Rehema si mke wake tena, na hawezi kumrudia mpaka aolewe na mwingine na kuachika huko. Ustadhi akasimama kwa adabu, akaomba radhi kwa mzee wake, akasema wako wanazuoni waliosema tatu za pumzi moja ni moja tu. Akasema dini haikuja ili mwanamke atupwe nje kwa hasira ya asubuhi moja. Ikiwa ni moja, Hamisi ana haki ya kumrejea mke wake wakati wowote ndani ya eda, kwa mashahidi wawili, bila mahari na bila ndoa mpya.

Wanawake walinifinya mapaja kwa furaha. Mmoja akaninong'oneza kwamba Ustadhi ameniokoa.

Nilirudi nyumbani nikapalilia maharage mpaka vidole vikafa ganzi. Anaweza kunirejea wakati wowote. Hahitaji kuniuliza, hata nisipokuwapo. Atasema tu mbele ya watu wawili, na mimi nitakuwa mke wake tena, labda nikiwa mtoni nafua. Ajabu ni hii: anayesema kwa ajili ya wanawake ndiye anayenirudisha, na yule mzee asiyetaka tujue hata kusoma ndiye anayeniacha huru.

Jumatatu, 8 Machi

Siku zangu zilipaswa kuja juzi. Bado. Mvua mchana kutwa.

Alhamisi, 11 Machi

Bado.

Jumatatu, 15 Machi

Bado. Leo nimeshindwa hata kula.

Nijieleze mwenyewe nilivyofundishwa na baba. Mwanamke anayeona siku zake hahesabu miezi. Anahesabu siku zenyewe na twahara zake, yaani usafi wa katikati. Zikija za tatu tangu kuachwa, eda imekwisha, na mume wa talaka moja hana tena haki ya kumrejea. Anayehesabu miezi mitatu ni bibi kizee au mtoto. Lakini mwenye mimba, eda yake ni mpaka ajifungue. Yaani miezi minane mbele yangu, na Hamisi ana nafasi ya kunirejea hata mara kumi.

Miaka tisa nimemwomba Mungu mimba. Nimekunywa mizizi ya kila mganga wa milima hii, nimepanda lori mpaka hospitali, nimelala chali mbele ya daktari nikasikia aibu mpaka miguuni. Mama mkwe alimtaka Hamisi aongeze mke, Hamisi akakataa. Alimwambia, Mungu akitaka atatupa kwa huyu huyu. Hilo ni lake na silifichi. Sasa kila nikisujudu namwomba Mungu asinipe, kisha nanyanyuka nikiogopa kwamba safari hii atanisikia. Na nikipata mtoto nitarudi kwa Hamisi, najijua. Sijui tena naomba nini.

Ijumaa, 19 Machi

Zimekuja. Za kwanza.

Nililia asubuhi yote. Kisha nikanawa uso nikaenda kufundisha.

Jumanne, 23 Machi

Darasani wanawake hawakutaka herufi, walitaka kuzungumzia talaka yangu. Kila mmoja anamsifu Ustadhi. Mmoja wao, aliyeachwa talaka tatu mwaka wa Uhuru na kunyang'anywa watoto, alisema Ustadhi angekuja miaka kumi mapema yeye angekuwa na nyumba yake leo. Alisema huku anachonga penseli na hakuinua kichwa.

Ningesema nini mbele yake? Kwake hukumu hiyo ni mlango wa kurudi kwa watoto wake. Kwangu ni kamba. Na dini ni moja, na aya ni zile zile. Nikawaambia tuendelee na silabi.

Halafu mwanamke mdogo kuliko wote, ambaye huwa hasemi, akauliza: huyo mume anayeruhusiwa kurejea, amewekewa sharti gani? Nikafungua msahafu nikawasomea: ikiwa wanataka suluhu. Akauliza, "Wanataka nani, mume peke yake?" Nimeisoma aya hiyo tangu utotoni na sikuwahi kuiuliza swali hilo. Nikamwambia sijui, na kwamba swali lake ni zuri kuliko jibu langu.

Jumanne, 30 Machi

Msikiti umegawanyika. Nusu wanasali na kuondoka bila kuwasalimu nusu nyingine, na Hamisi, ambaye ni balozi wa nyumba kumi, hapendi kuonekana ndiye chanzo. Hakutaka kunirejea kwa fatwa ya kijana peke yake, watu wasije wakasema anaishi na mwanamke kwa haramu. Kwa hiyo ameamua iandikwe barua kwa masheikh wakubwa wa Tanga. Ustadhi ameiandika, Hamisi ametia sahihi, basi la leo limeipeleka. Wakijibu ni moja, atakuja na mashahidi. Watu wote wanasema kuna wakati wa kutosha: miezi mitatu inaisha Juni. Wameshika kalenda kama wanaohesabu siku za kuvuna viazi.

Sikuwasahihisha.

Jumanne, 6 Aprili

Mvua ya siku nne. Mlima umeporomoka chini ya Soni na barabara ya Mombo imefungwa. Hakuna basi, hakuna lori, kabichi za watu zinaoza kwenye matenga. Hamisi amepoteza mzigo mzima. Nilimwona akizimwaga kwa ng'ombe, amelowa, na nilimhurumia.

Barua yake iko upande wa pili wa tope, nami nashukuru kwa hasara ya watu. Mungu anisamehe.

Jumapili, 11 Aprili

Pasaka ya Walutheri. Jirani yangu Dorkasi ameniletea maandazi na habari. Yeye ni katibu wa Umoja wa Wanawake hapa kijijini, mwanamke mfupi anayetembea kwa kasi kama anayekimbiza kuku. Amesikia kwa redio kwamba sheria mpya ya ndoa inaanza tarehe mosi Mei, na mume hatamwacha tena mke kwa mdomo. Lazima baraza la usuluhishi, lazima mahakama. Alikuwa anang'aa. Anataka baada ya hapo alipeleke shauri langu barazani, Hamisi alazimishwe kunirudisha na kuomba radhi mbele ya watu.

Nikamwuliza kwa nini anadhani nataka kurudishwa. Akaacha kutafuna.

Tulizungumza mpaka chai ikapoa. Akasema kwao hakuna kuachwa, na hiyo ndiyo shida yao. Sisi tunaachwa, na hiyo ndiyo shida yetu. Miaka sita iliyopita alimwendea mchungaji wake kwa sababu ya mkono wa Timotheo, mume wake. Mchungaji aliwaombea wote wawili, akawatuma nyumbani. Nimeishi jirani naye miaka yote hiyo na nilidhani vile vishindo vya kwao ni vya kupiga maharage.

Alhamisi, 15 Aprili

Za pili. Mvua imepungua asubuhi, ikarudi mchana.

Jumanne, 20 Aprili

Ustadhi Salimu alikuja. Hakuingia ndani, alikaa barazani mahali ambapo kila apitaye anamwona, kama inavyotakiwa. Alikuwa na furaha ya mtu aliyefanya wema. Alisema anajua napata tabu, lakini nivumilie, majibu ya Tanga yatakuwa mazuri. Akanieleza hoja zake zote kwa mpangilio mzuri: ilivyokuwa zamani, nani alisema nini, kwa nini mwanamke alindwe dhidi ya ulimi wa mumewe. Ni msomi kweli. Nilimsikiliza kwa raha mpaka nikasahau kwamba anazungumza juu yangu.

Kisha nikamwambia, "Ustadhi, na mwanamke akiwa hataki kurudi?"

Akafikiri. Akasema mwenye kuchukia anaweza kuomba khului, yaani arudishe mahari aachwe. Nikasema hiyo ni kuomba ruhusa nyingine. Nimekwisha achwa, nimekwisha toka, na yeye ndiye anayefunga mlango nyuma yangu kwa jina la kunilinda. Alishtuka. Aliniambia, "Dada Rehema, nilidhani wanawake wote wanataka nyumba zao." Hakuwa anabisha, alikuwa anashangaa kweli, na nikaona jinsi alivyo kijana. Hajaoa. Anamjua mwanamke wa kwenye kitabu, ambaye siku zote analia mlangoni akiomba kurudi.

Alipoaga alisema hukumu haiwezi kubadilika kwa sababu haimfurahishi mtu mmoja. Hapo pia alisema kweli, na ndiyo maana nimekasirika mpaka sasa hivi.

Hakuniuliza habari za eda. Aliona haya, nadhani.

Jumamosi, 1 Mei

Sheria imeanza. Dorkasi alipita akiimba. Karani aliyemwuliza huko Lushoto alimwambia kwamba ya Machi ni ya Machi, sheria haiyahusu. Basi serikali nayo imenipita pembeni. Tulishinda shamba la ujamaa tukipanda viazi, Hamisi mistari miwili mbele yangu. Alipanda ovyo.

Jumamosi, 8 Mei

Maulidi. Tulisoma mchana kwa sababu ya mvua. Wanawake wa darasa langu walifuata kwa macho maneno waliyozoea kuyaimba kwa kichwa tu, na yule aliyenyang'anywa watoto alikuwa anaweka kidole chini ya kila mstari. Mwalimu Shekiondo aliwaona kupitia upenyo wa pazia. Nilidhani atakemea. Alisogea mbele kidogo, wakapata mwanga. Mzee huyu sitamwelewa.

Hamisi aligawa halua kwa mkono wake, na yangu aliiweka kwenye kisahani peke yake. Nilikula. Ilikuwa tamu, nifanye nini.

Jumatano, 12 Mei

Bado. Zinapaswa kuwa leo.

Ijumaa, 14 Mei

Bado. Wanasema barabara itafunguliwa wiki ijayo.

Jumapili, 16 Mei

Bado.

Mama mkwe amekuja kuomba chumvi, ingawa najua anayo. Miezi miwili hajanisemesha zaidi ya salamu. Nikamwamkia, akaitika, akakaa kwenye kigoda karibu na moto, akaanza kuchambua maharage yangu bila kuombwa. Baadaye akasema kwa Kishambaa, kwa sauti ya kusimulia habari za mvua, kwamba yeye aliachwa mara mbili na baba yake Hamisi, na mara zote mbili alirejewa. Mara ya kwanza alikuwa kwao, amekwisha anza kulima kipande chake mwenyewe. Wifi yake akaja akasimama juu ya tuta akamwambia, kaka amekurejea, njoo upike. Akaweka jembe chini akaenda. Mara ya pili hawakuja hata kumwambia. Alisikia kutoka kwa mwuza ndizi.

Nikamwuliza, "Mama, ulitaka?"

Akasema, "Hakuna aliyeniuliza, mwanangu, nami sikujiuliza."

Alikaa mpaka maharage yakaisha. Chumvi aliisahau. Na mimi miaka tisa nilimwona mwanamke mkali tu.

Jumanne, 18 Mei

Bado, na basi la kwanza limepanda kutoka Mombo. Halikuwa na barua. Nilisimama barazani nikiwatazama watu wakishuka mmoja mmoja kule chini barabarani.

Nimemweleza Dorkasi kila kitu, maana nitapasuka. Akasema jambo rahisi sana: "Si useme zimekuja? Nani atakuja kukufunua?" Ni kweli. Katika jambo hili dini imemwamini mwanamke. Neno lake linatosha. Lakini aya ile ile ya suluhu inatukataza kuficha alichokiumba Mungu matumboni mwetu. Nikamwambia nikisema uongo hapa, basi nimewapa haki wote wanaosema mwanamke asipewe kitabu. Dorkasi akasema hao watasema tu, niwe mkweli nisiwe mkweli. Akasema mimi ni mkaidi kuliko mchungaji wake.

Usemi uko kwenye ncha ya ulimi wangu tangu aondoke. "Zimekuja." Neno moja. Nimekata kuni za wiki mbili ili nisilitamke.

Alhamisi, 20 Mei

Bado. Basi limekuja, hakuna barua. Ukungu umeingia mpaka jikoni.

Ijumaa, 21 Mei

Zimekuja alfajiri. Za tatu.

Nimekaa chini pale pale jikoni nikacheka peke yangu, kisha nikatoa shukrani kwa moyo, maana sala siwezi leo. Kwa Mashafii eda yangu imekwisha. Lakini wako wanaosema mpaka zikatike na mtu aoge. Nitangoja nioge, ili asipatikane wa kusema.

Simwambii mtu yeyote asiyeniuliza. Nimekaa humu miezi karibu mitatu, wamezungumza juu yangu msikitini, barazani, kwa redio na kwa posta, na hakuna mwanaume hata mmoja aliyeniuliza nimefikia wapi.

Jumatano, 26 Mei

Barua imefika. Nimeona watu wakimpongeza Hamisi barabarani.

Alhamisi, 27 Mei

Nimeoga.

Ijumaa, 28 Mei

Walikuja baada ya sala, wanaume watano: Hamisi kwa kanzu iliyopigwa pasi, Ustadhi Salimu na barua, mashahidi wawili, na Mwalimu Shekiondo nyuma, ambaye alisema amekuja kama jirani tu. Mama mkwe aliwafuata akasimama mlangoni. Nilitoa viti. Mvua ilikuwa imekatika na maji yanadondoka kutoka kwenye paa.

Ustadhi alisoma barua. Masheikh wa Tanga wamejibu kwamba hapo pana hitilafu ya wanazuoni, lakini mwenye kuchukua kauli ya talaka moja hakukosea. Hamisi akasimama. Alikuwa amejifunza maneno yake. "Mbele ya mashahidi hawa," akasema, "nimemrejea mke wangu Rehema binti Juma."

Wakaniangalia wakitabasamu. Ndivyo nilivyodhani ningekuwa, mtu wa mwisho kusikia, ila mimi nilikuwapo.

Nikasema, "Umechelewa, Hamisi. Eda yangu imekwisha. Siku zangu za tatu zilikuja Ijumaa iliyopita na jana nimeoga."

Sidhani yupo mwanamke wa hapa aliyewahi kusema hivyo mbele ya wanaume watano. Shahidi mmoja alitazama miguu yake. Hamisi alihesabu kwa vidole, Machi, Aprili, Mei, akasema hata miezi mitatu haijatimia. Ustadhi ndiye aliyeelewa kwanza. Aliikunja barua taratibu, masikio yamemwiva. Anayajua haya kuliko sisi sote, na kwa miezi mitatu aliona haya kumwambia Hamisi amwulize mke wake. Yule shahidi mwingine akasema, lakini nani anathibitisha? Nilijua litasemwa, nikafungua mdomo, na Ustadhi akanitangulia. Alisema katika jambo hili hakuna shahidi mwingine, neno ni la mwanamke mwenyewe.

Mwalimu Shekiondo akasema, "Ndivyo." Ni mara ya kwanza tangu Machi wawili hawa kukubaliana.

Hamisi aliniuliza, "Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

Ustadhi akamweleza kwa sauti ya chini kwamba kwa kauli ya moja, sasa hana ila kumposa upya, kwa mahari mpya na kwa ridhaa yangu. Mzee akaanza kusema kwamba kwa kauli yake hata hilo haliwezekani, lakini Hamisi hakuwa anamsikiliza. Alikuwa ananitazama mimi. Kanzu ilikuwa imelowa tope upindoni na mikono yake mikubwa haikujua pa kukaa. Miaka tisa iliyopita walimwuliza baba, baba akajibu, nami nilikuwa jikoni nikipepeta mchele.

Akasema, "Basi nakuuliza, Rehema. Unanitaka?"

Nilimwona mtu aliyekataa kuniongezea mke, na mtu aliyeniacha mbele ya matenga ya kabichi kwa sababu nilikuwa nakwenda kufundisha, na wote wawili walikuwa wamesimama pale katika kanzu moja. Nilijua, na naandika hapa ili nisijidanganye baadaye, kwamba angeniuliza asubuhi ile alipokuja kuchukua koti, ningesema ndiyo.

Nikasema, "Hapana, Hamisi."

Akaitika kwa kichwa. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia: akasema ahsante, kama mtu aliyeonyeshwa njia, akatoka, na wengine wakamfuata. Ustadhi aliondoka wa mwisho.

Nilikuwa nimekwisha patana na Dorkasi kwamba nitakaa katika chumba chake cha viazi mpaka kaka yangu aje, ili darasa la Jumanne lisikose mtu. Nikaingia ndani kukusanya nguo zangu nikazitandaza kwenye kanga. Ndipo nikaanza kulia, kwa kwikwi, mbele ya mama mkwe, hata ncha za kanga zikanitoka mikononi. Hakuniambia ninyamaze. Alipiga magoti kando yangu, akanisogeza kidogo kwa bega, akafunga lile fundo yeye mwenyewe, akalikaza kwa meno.